Wimbo wa "Sukiyaki" uko kwenye herufi gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu. Mwaka jana niliwapeleka wazee sita wa Kijapani Ngorongoro. Usiku kambini waliimba wimbo mmoja taratibu, katikati wakapiga mluzi, na bibi mmoja akafuta machozi. Mkalimani wao akaniambia unaitwa "Sukiyaki". Siku ya kuagana, mzee mmoja aliniachia kitabu chake kidogo cha nyimbo. Nimejifunza hiragana, herufi zao za silabi, miezi mitatu, nimepekua ukurasa wa "su" mpaka macho yameuma, wimbo siuoni. Je, kuna karatasi zimechomoka? Wanarudi mwezi wa saba, nami nataka niwaimbie. – Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi na kitabu, ni kwamba umetafuta mahali pasipo pake. Rudi kurasa za mwanzo, kwenye う, yaani "u". Jina la wimbo ni Ue o Muite Arukoo, "nitembee nikitazama juu".

Sukiyaki ni chakula. Nilisoma miaka minne Kobe, mji wa Japani, na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akikipika mezani siku za baridi: sufuria pana ya chuma isiyo na kina, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, vitunguu vya majani, mchuzi wa soya na sukari, na kila mtu na kibakuli chake cha yai bichi la kuchovea. Ndani ya wimbo huo hakuna sufuria wala nyama. Kuna mtu anayetembea peke yake usiku, ameinua uso ili machozi yasidondoke. Siku nilipouita "Sukiyaki" mbele ya mama yule, aliweka vijiti chini, akachukua risiti ya duka, akaniandikia jina la wimbo nyuma yake, herufi moja moja, akanisogezea. Hakusema neno. Tangu siku hiyo sijauita tena kwa jina la chakula.

Maneno aliyaandika Ei Rokusuke, muziki akatunga Nakamura Hachidai, na aliyeuimba mwaka 1961 ni kijana Sakamoto Kyu. Ei alikuwa na uchungu wa maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani, yaliyoshindwa kuuzuia. Lakini aliandika kwa namna ambayo kila mwenye uchungu wake anaukuta humo. Jina la chakula lilibandikwa Uingereza, wimbo ulipopigwa kwa ala bila maneno, kwa kuwa kampuni ya santuri iliona jina la Kijapani ni gumu kutamka. Likashika. Juni 1963 sauti ya Sakamoto mwenyewe, kwa Kijapani, ilikaa nafasi ya kwanza Marekani wiki tatu chini ya jina hilo. Sakamoto alifariki tarehe 12 Agosti 1985, akiwa na miaka 43, katika ajali ya ndege iliyoua watu 520. Ukiwaona wazee wa rika lile wanauimba taratibu, kumbuka na hilo.

Sasa mpangilio, maana naona ndiko ulikokwama. Sisi darasa la kwanza tuliimba a, e, i, o, u, kwa hiyo mkono wako unaitafuta "u" mwishoni mwa irabu. Wao husema a, i, u, e, o, ndipo ka, ki, ku, ke, ko, halafu safu za sa, ta, na, ha, ma, ya, ra na wa. Ndani ya ukurasa wa "u" silabi ya pili nayo inafuata mpango huohuo. Ndiyo maana Ue iko juu kabisa, kisha Usagi, wimbo wa zamani wa sungura anayerukaruka akiutazama mwezi mpevu, kisha Umi, "Bahari", uliotolewa 1941 kwa watoto wa shule, kisha Urashima Taroo, wa mvuvi aliyemwokoa kobe wa baharini akapelekwa kwenye jumba lililo chini ya bahari. Kama una mtoto nyumbani, anza na Umi. Ni mfupi, na watoto huushika upesi.

Jihadhari na silabi zenye vidoti viwili: "ga" hupangwa pamoja na "ka", na "ji" pamoja na "shi". Neno letu "jambo" lingekaa kwenye "shi". Na kwa kuwa hakuna neno lao la asili linaloanza kwa "n" peke yake, kama "nchi" au "nne" zetu, herufi hiyo, ん, imewekwa mwisho kabisa. Wana mchezo wa kuunganisha maneno ambao anayetamka neno linaloishia na "n" ameshindwa, kwa sababu hakuna wa kuendelea. Ngorongoro wao huandika kwa kuanzia na herufi hiyohiyo. Waambie wazee wako, watafurahi.

Ukianza kuimba, "o" ya katikati utaikuta imeandikwa を. Itamke "o" tu, usiisome "wo". "U" yao usiibane midomo kama tunavyofanya sisi, iache legevu. Arukoo ivute mwisho kama unavyovuta "kondoo". Jifunze ubeti wa kwanza kwanza, uujue vizuri, kabla hujagusa wa pili. Na ule mluzi uufanyie mazoezi barabarani ukiwa peke yako kwenye gari, maana ndipo yule bibi alipofuta machozi, na hapo hutakuwa na kitabu cha kutazama.