Kama sote ni makuhani, padre ni wa nini?

Dada, umeuliza: ikiwa 1 Petro 2:9 yawaita waumini wote "ukuhani wa kifalme", mbona Wakatoliki bado wana mapadre? Swali zuri, na jibu linaanzia kwa Kristo mwenyewe. Waebrania sura ya 7 inasema makuhani wa Kilawi walikuwa wengi kwa sababu kifo kiliwazuia kuendelea, lakini yeye adumu milele, na alijitoa mara moja tu. Kwa hiyo hakuna padre mwenye ukuhani wake binafsi. Wote wanashiriki ule mmoja.

Tazama mafuta matakatifu yaitwayo krisma. Mtoto akibatizwa pale Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu hapa Mombasa, anapakwa utosini. Padre akipewa daraja, askofu humwekea mikono kichwani, kisha humpaka krisma hiyohiyo viganjani. Mama anayeamka alfajiri kwenda sokoni Kongowea, akamtolea Mungu jasho lake na sala zake, anatimiza ukuhani kwelikweli (soma Warumi 12:1). Padre amewekwa amhudumie huyo mama: amwadhimishie Ekaristi, amwondolee dhambi kwa jina la Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki), mwaka 1964, ulifundisha kwamba aina hizi mbili za ukuhani, wa waumini wote na wa mapadre, zinatofautiana kiasili, si kwa cheo tu, ila zinategemeana.

Martin Luther, mwanzilishi wa Walutheri, alikuwa ameikataa tofauti hiyo zamani, mwaka 1520, ndiyo maana Walutheri huiona huduma ya mchungaji kuwa wito na kazi, bila ukuhani wa pekee. Waanglikana wao wamebaki na daraja la kasisi.