Shangazi, nianze na filamu ipi ya Nargis?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao mama yangu anatimiza miaka 74. Tangu nikiwa mdogo namsikia akiimba “Awaara Hoon” huku anakuna nazi, na jina la Nargis, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, halimtoki mdomoni. Nataka siku hiyo tushinde nyumbani tukitazama filamu za Nargis tu, yeye na shoga zake wawili wa zamani. Nimeshakusanya sita. Kihindi sijui hata neno moja, na filamu zenyewe sijaona hata moja. Nizipange vipi?
Binti wa Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirudisha mbali. Mimi na mama yako ni rika moja. Nimekulia Ng’ambo, Unguja, na Nargis nilimjulia sinema ya Majestic, kwenye onyesho la zanana, lile ambalo mwanamume haingii. Nilikuwa na miaka kumi. Filamu zile zilikuwa zimeshatoka zamani lakini zikirudishwa kila mara, na kina mama wakirudi kila mara. Nakumbuka harufu ya udi kwenye mabuibui, na watoto wamelala mapajani kabla hata hatujafika mapumziko.

Sita ni nyingi, mwanangu. Mother India peke yake ni dakika 172, na nyingine hazipungui sana hapo. Ukizifuatanisha zote mtakesha, na miguu ya watu wa umri wetu ikikaa chini muda mrefu huvimba. Chukua mbili, na ya tatu mtazame nyimbo tu.

Mother India ya mwaka 1957 iweke asubuhi, saa tatu, baada ya chai. Wengi huiacha mwisho kwa kuwa ndiyo kubwa, iliyofika hata kwenye mashindano ya Oscar. Mimi sikubali. Ile filamu inaumiza. Radha, ndiye Nargis, anaolewa, mama mkwe amekopa kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili harusi ipite, na deni lile linakula shamba, linakula ng’ombe, mume anapondwa mikono na jiwe, anaondoka usiku asirudi. Mtazame Nargis anavyovuta plau mwenyewe mahali pa ng’ombe, uso umejaa tope, watoto wako nyuma. Alikuwa hajafika miaka 30, na humo humo anaigiza mpaka uzee wa mvi. Mwisho wake sikwambii. Mama yako ataanza kulia kabla haujafika, kwa sababu anaujua. Mwache alie mchana, apate muda wa kula, kuswali na kucheka kabla ya kulala. Ukiiweka usiku atalala nayo kifuani.

Wakati wa chakula waulize habari za ule moto. Walipokuwa wakiipiga ile filamu, moto wa nyasi kavu ulimzingira Nargis, na Sunil Dutt, aliyeigiza mtoto wake Birju, akajitosa kumtoa, akaungua. Mwaka 1958 wakaoana. Sisi tuliisikia habari hii tukiwa wasichana, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuisimulia. Nina hakika shoga za mama nao watakuwa na yao.

Baada ya adhuhuri weka Awaara ya 1951. Hapo nakuomba na wewe ukae chini, usiwe unakimbilia jikoni. Filamu inaanzia mahakamani: Raj, anayeigizwa na Raj Kapoor, ameshtakiwa kwa kutaka kumuua jaji, na wakili wake ni Rita, ndiye Nargis, amevaa joho jeusi, anamhoji jaji yule yule mbele ya watu. Jaji ana imani yake kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Na yule jaji ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor kwelikweli. Mimi kabla ya siku ile sikuwahi kuona mwanamke wakili, wala kwenye picha. Nilirudi nyumbani nikajifunga kanga nyeusi mabegani nikamhoji paka wetu. Alasiri ikiingia simamisha, mtaendelea baadaye.

Usiku, baada ya isha, weka nyimbo za Shree 420 ya 1955. Usiukose ule wa mwamvuli. Mvua inanyesha, muuza chai ameketi pembeni na jiko lake, Raj na Nargis wanasukumiana mwamvuli mmoja, kila mmoja anataka mwenzake asilowe. Kisha wanapita watoto watatu wamevaa makoti ya mvua: hao ni watoto wa Raj Kapoor mwenyewe, na mdogo kabisa ni Rishi, ambaye alikuja kusimulia kwamba Nargis alimhonga chokoleti ndipo akakubali kupita kwenye maji. Sauti ya kike unayoisikia ni ya mwimbaji Lata Mangeshkar, lakini macho yale ni ya Nargis, na hakuna aliyemfundisha.

Kuhusu lugha, usijisumbue. Sisi wengi Kihindi hatukukijua. Palikuwa na mtu aliyekielewa, akinong’ona, maneno yakipita kiti hadi kiti, na tulioiona mara ya pili tuliwasimulia wapya. Mama yako hahitaji tafsiri, anayehitaji ni wewe. Kaa karibu yake na rimoti iwe mkononi mwako. Akianza kusema, simamisha. Tega na simu yako urekodi sauti, umwombe ruhusa kwanza.

Jambo moja nililojifunza kwa uchungu: zitazame zote mpaka mwisho kabla ya siku yenyewe. Mwaka juzi nilialika jirani zangu, nakala niliyokuwa nayo ikakatika dakika kumi kabla ya kwisha, watu saba wanaangalia kioo cheusi. Nakala nyingine zimefyekwa nyimbo, na bila nyimbo hakuna filamu. Zipakue mapema, umeme na intaneti havina ahadi.

Chakula kisiwe kizito: bajia za dengu, kachori, mkate wa mayai, chai ya maziwa yenye iliki. Njugu zifunge kwenye vikaratasi vya pembe kama walivyouza nje ya sinema. Ukipata kanda za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, zipige wakati wageni wanaingia. Tuni zake nyingi ni za filamu za Kihindi, na shoga hao watazitambua kabla hawajavua viatu.

Halafu niandikie. Nataka kujua mama alimwonea Nargis sinema gani huko Mombasa, na ni nani aliyempeleka.