Bangili za mikogo: dhahabu au za kuchovya?

SWALI: Harusi ya mdogo wangu imekaribia na sitaki kuonekana mnyonge mbele ya mawifi. Nimepata bangili kwa bei poa, zina mhuri wa 875. Nitajuaje si za kuchovya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Namba 875 ni ya karati 21, lakini mhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo. Sumaku nayo haisaidii, kwani shaba, ambayo mara nyingi ndiyo huchovywa dhahabu, haivutwi, kama vile dhahabu isivyovutwa.

Tumia maji. Pima bangili kavu kwenye mizani inayosoma gramu 0.1 au chini ya hapo. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize bangili kwa uzi izame yote bila kugusa kitako wala ukuta. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka. Bangili ya gramu 24 ikisoma 1.4, jibu ni 17 na ushei, yaani ni nzito mara 17 na ushei kuliko maji ya ujazo huohuo: ndivyo ilivyo karati 21. Ikisoma 2.8, ni shaba nyeupe au ndugu zake.

Bangili yenye uwazi ndani au vito itakudanganya, maana hewa na mawe hushusha jibu. Hiyo mpelekee sonara.

Za kuchovya huanza kuchujuka kwenye kifungio na ukingo wa ndani, jasho linapokaa. Kuzivaa si kosa; mawifi hawaji na mizani. Kosa ni kuzilipia bei ya dhahabu.