Kwa kaka yangu anayetaka kumleta mwanawe Uingereza

Kaka, salamu tumekwisha kupeana kwenye simu, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo. Ule ujumbe wako wa sauti katika kundi la ukoo umesikilizwa na watu wengi kuliko uliowakusudia, na sasa hata shemeji wa Korogwe ananiuliza lini nitaanza kupokea vijana. Ulisema kwamba mwanao wa miaka 15 ameanza kufuatana na wenzake wanaotembea na visu pale stendi ya Muheza, na kwamba dawa ni kumleta kwangu Birmingham, kwa sababu Uingereza hata polisi hawabebi bunduki, silaha hazipo, na mtoto atatulia mwenyewe. Binamu yetu akaongeza kwamba huku mtoto hafungwi, afanye afanyalo. Nimeyasikiliza maneno hayo nikiwa jikoni kazini, na nimeona niyajibu kwa maandishi ili asiwepo wa kunitilia maneno mdomoni.

Habari ya bunduki ni ya kweli, na nitaipita upesi. Polisi wengi wa huku hawabebi bunduki, na bastola zilipigwa marufuku kwa raia mwaka 1997, baada ya mtu mmoja kuingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, mwaka uliotangulia, na kuua watoto 16 na mwalimu wao. Lakini bunduki ilipobanwa, kisu kilibaki, maana kisu kimo katika kila nyumba. Hao vijana wa stendi unaowakimbia wapo huku pia, tofauti yao ni koti na lafudhi. Mwaka 2022, Wolverhampton, mji ambao naufikia kwa treni kwa muda mfupi tu, kijana wa miaka 16 aliuawa karibu na kwao kwa upanga ulionunuliwa kwenye intaneti, na kifo chake ndicho kilichoisukuma serikali kupiga marufuku panga za aina ile, zinazoitwa za kininja, kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Kwa hiyo yule aliyekuambia kwamba silaha hazipo amekudanganya. Zilizopo ni sheria, nazo ni kali kuliko mnavyodhani, na hazimwangalii mtoto kwa jicho mnalolitarajia.

Fikiria jinsi tulivyokua. Jumatatu mwanafunzi anakwenda shule na fyekeo au panga kwa sababu kuna usafi wa mazingira, na asipolibeba ndipo anapochapwa. Mtoto wa miaka tisa anakaa barabarani na kisu kikali akimenya machungwa ya abiria wa basi, na hakuna anayegeuka kumtazama. Huku, kwa sheria ya mwaka 1988 inayotumika England na Wales, ni kosa kuwa na kitu chochote chenye makali au ncha mahali pa watu wote bila sababu ya msingi, na mwenye mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo ni wewe uliyekutwa nacho. Kilichosamehewa ni kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita saba na nusu, nacho kiwe kinajikunja wakati wowote. Kikiwa na kifungio kinachokaza makali yasirudi, msamaha huo umekwisha. Adhabu kwa mtu mzima inafika miaka minne jela. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wazee, na siku ninayobeba visu vyangu kwenda kazini navifunga katika mfuko wake, navitia chini kabisa ya begi, na njiani siingii popote, kwa kuwa kazi ni sababu inayokubalika na kupitia dukani kununua mkate na visu begini kunaweza kuibua maswali.

Dini nayo ni sababu inayokubalika, ndiyo maana Makalasinga wa hapa Birmingham wanatembea na visu vyao vya ibada, na vazi la taifa limetajwa pia katika sheria. Msije mkaliona hilo ni tundu la kupitishia sime ya babu. Uliuliza kama kijana anaweza kuja nayo awe na kumbukumbu ya kwao, na jibu langu ni kwamba ibaki ukutani ilipo. Panga letu la shamba, la kawaida kabisa, halikuguswa na marufuku ya tarehe 24 Septemba 2024, iliyolenga mapanga na visu vya makali yanayozidi inchi 8 vyenye ncha kali na vikorombwezo vya kutisha kama meno ya msumeno, miiba na matundu. Lakini kutokuguswa huko kunamsaidia anayelitumia bustanini kwake, si anayelipandisha kwenye basi. Vipo pia vitu ambavyo huruhusiwi kuwa navyo hata chumbani mwako umejifungia, kwa mfano chuma cha kuvaa vidoleni cha kupigia ngumi, vile vinyota vya kurusha, na kisu kinachofyatuka kwa kubonyeza kitufe. Vijana wengi hawalijui hilo, huvinunua kama mapambo.

Mwambie na shemeji, ambaye bintiye anakuja kusomea uuguzi, kwamba ile dawa ya pilipili ya kupulizia machoni anayotaka kumfungia kwenye sanduku inahesabiwa huku pamoja na silaha zilizokatazwa na sheria ya bunduki ya mwaka 1968. Sisemi kwamba ni kama kosa la bunduki, nasema imo katika sheria ya bunduki. Binti huyo atakuja na nia ya kujilinda usiku akitoka zamu, na kujilinda si sababu inayompa mtu ruhusa ya kutembea na silaha. Hata bisibisi, ukikiri kwamba umeibeba ili ukishambuliwa umchome mtu, imeshakuwa silaha kwa maneno yako mwenyewe.

Sasa nije kwa watoto, maana hapo ndipo binamu alipopotosha. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi kisu, wembe wa kukunja wala shoka, na muuzaji anayemuuzia ndiye anayeshtakiwa. Kwa huruma hiyo mtu anaweza kudhani kwamba mtoto analindwa tu. Lakini umri wa kushtakiwa kwa jinai England ni miaka 10. Umesoma sawasawa: kumi. Kukutwa na kisu ndani ya eneo la shule ni kosa lililoandikiwa kifungu chake peke yake, na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye, ana mamlaka ya kumpekua mwanafunzi anayeshukiwa kuwa na kisu hata kama mwanafunzi hakubali. Kijana wa miaka 16 au 17 akitiwa hatiani mara ya pili kwa kubeba kisu, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015 inaitaka mahakama kwa kawaida imfungie kwa amri isiyopungua miezi minne, na mtu mzima miezi sita. Hafungwi, alisema binamu. Labda alikuwa anazungumzia kwao Chumbageni.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mtasema ninatisha kwa maneno ya vitabu, basi acheni niseme linaloniuma. Mwanangu mnamjua. Amezaliwa hapa, lakini siku aliyozaliwa mimi nilikuwa bado sina ukaazi wa kudumu, na mtoto wa namna hiyo hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Akitimiza miaka 10 akiwa ameishi hapa ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, kwa fomu na kwa ada ambayo si ndogo hata kidogo. Mwaka aliotimiza kumi, fedha zilizokuwapo zilikwenda kwenye bati la nyumba ya mama, bati hilo hilo mnalolipiga picha na kuniwekea kwenye kundi kwa kunipongeza. Alipofika miaka 13 alitia kisu kidogo cha jikoni katika begi lake la shule pamoja na embe, kwa sababu embe huku linauzwa ghali na hakutaka kulila kwa meno mbele ya wenzake. Mtoto mmoja akasema. Begi likafunguliwa. Mchana nikapigiwa simu na shule, na nilipofika niliwakuta polisi wawili na mwanangu ameketi kati yao, embe liko mezani ndani ya mfuko wa ushahidi. Aliulizwa kama kisu ni chake, akasema ndiyo, kwa kuwa tumemfundisha asiseme uongo. Akapewa onyo rasmi la watoto, ambalo hutolewa kwa mtoto aliyekiri kosa.

Nikaambiwa kwa upole kwamba nisihangaike, onyo hilo halihesabiwi katika kazi nyingi atakazoomba. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye fomu za uraia lazima litajwe, na kwamba kuanzia umri wa miaka 10 mtoto naye hupimwa kwa kigezo cha tabia njema kama mtu mzima. Fomu ile ninayo kabatini, imejazwa ukurasa wa kwanza hadi pale panapouliza habari hizo. Wakili anasema tuna nafasi nzuri tukieleza vizuri, na ninamwamini, lakini maelezo hayo nayalipia kwa saa. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba nchi hii itamnyoosha mtoto wake, mnaelewa kwa nini sauti yangu inabadilika.

Kwa mwanao, kaka, mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana yeye hatakuwa na hata hiyo haki ya kuzaliwa hapa. Atakuwa mgeni mwenye viza, ikiwa ataipata, na viza ya mpwa kuja kuishi na shangazi ni mlima ambao sijaona wengi wakiupanda. Sheria ya mwaka 2007 inasema mgeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, waziri ana wajibu wa kumfukuza nchini, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na mojawapo ni kuwa alikuwa chini ya miaka 18 siku aliyotiwa hatiani. Miaka 18 itafika, kaka, na haichelewi. Aliyezaliwa raia akibeba kisu anahatarisha uhuru wake. Asiye raia anahatarisha uhuru na makaratasi, na mara nyingine makaratasi ya mwenyeji wake pia yanaanza kuulizwa.

Basi msimlete. Ila kama mmeamua kumleta, na ninakujua ukiamua, mleteni mapema kuliko kuchelewa, kabla hajazoea kutembea na kitu mfukoni. Aje akijua kwamba polisi wa huku anaweza kumsimamisha na kumpekua akiwa na sababu ya kumshuku, na kwamba zipo saa ambapo afisa mkubwa akiidhinisha kwa kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994, mtu yeyote katika mtaa huo anapekuliwa hata pasipo kushukiwa. Anyamaze, asikimbie, mikono ionekane, aulize kwa adabu anapekuliwa kwa sababu gani na aombe karatasi ya kumbukumbu. Atasimamishwa zaidi ya wenzake weupe, takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha hivyo mwaka baada ya mwaka, na hasira yake itakuwa ya haki, lakini aje nayo nyumbani aimalizie kwangu. Wasimwogopeshe mno na polisi, maana wengi wao ni watu waungwana. Wamwogopeshe kiasi.

Na akipelekwa kituoni asikubali onyo wala asitie saini chochote kabla ya kuzungumza na wakili. Wakili wa kituoni ni bure kwa kila mtu, mwenye makaratasi na asiye nayo, na aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mtu mzima pamoja naye wakati wa mahojiano. Mwanangu alikuwa nami, lakini wakili hatukumwita, kwa kuwa hakuna aliyeona embe linahitaji wakili.

Kuhusu visu vya nyumbani, sitamfungia kijana yeyote droo ya jikoni. Atapika, atakata vitunguu, atachuna samaki, na kisu kitarudi mahali pake. Akikuta kisu barabarani asikiokote kuja kunionyesha. Akikiona mikononi mwa rafiki aondoke, hata kama rafiki huyo ndiye pekee aliyempokea shuleni, na hapa najua ninasema jambo rahisi kwa mdomo. Yapo mapipa ya chuma yaliyofungwa kufuli, yamewekwa katika mitaa mbalimbali ya mji huu, ambamo mtu hutumbukiza kisu bila kuulizwa jina. Nitamwonyesha lilipo la karibu siku ya kwanza, kama ninavyomwonyesha kituo cha basi.

Na wewe, badala ya kutafuta nauli ya ndege, ungekwenda stendi ukamtoa mwanao mwenyewe. Najua unaondoka alfajiri na kurudi usiku. Najua pia kwamba mimi niliyeondoka sina uso wa kukufundisha kulea. Lakini huyo kijana akiwa Muheza akakamatwa na kisu, utakwenda kituoni na mjumbe wa mtaa na mzee wa msikiti, mtasema naye kwa lugha yake. Huku atakaa chumba cha kituo akisubiri shangazi atoke zamu.

Nitumie picha ya cheti chake cha kuzaliwa, pasi ya kusafiria kama anayo, na barua yoyote ya shule inayoonyesha alivyokuwa kabla ya mwaka huu. Kama aliwahi kuandikwa polisi kwa lolote, hata kama lilimalizwa kwa mazungumzo, niambie sasa. Wakili nitamwona Jumamosi kwa habari ya mwanangu, na kwa kuwa anahesabu dakika, maswali yako yote yaandike yanifikie Ijumaa usiku, usiyatume kwa sauti.