Alizaliwa Katavi mwaka 1951?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu babu yetu, aliyezaliwa Mpanda mwaka 1951. Niliandika "alizaliwa Mkoa wa Katavi". Kabla haujasomwa, mdogo wake marehemu akaniuliza, "Mwaka huo Katavi ulikuwa wapi?" Nikafuta, nikaandika "iliyokuwa Mkoa wa Rukwa". Akasema bado. Binamu yangu anayeishi Kenya naye akasema niandike "jimbo". Nisaidie: ni mkoa au jimbo? Na tunasema Katavi umeanzishwa au Katavi imeanzishwa?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Huyo mdogo wake marehemu angefaa kuwa mhariri. Yuko sahihi mara zote mbili, na ukitaka kuona ni kwa nini, hebu tuifuate Mpanda yenyewe.

Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na nchi iligawanywa katika majimbo. Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Miaka ya mwanzo ya uhuru majimbo yale makubwa yakavunjwa na mahali pake pakaja mikoa, iliyokuwa midogo zaidi na mingi zaidi. Mpanda ikawa katika Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa: Mpanda ikachukuliwa kutoka Tabora, Sumbawanga ikachukuliwa kutoka Mbeya. Mwaka 2012 Mpanda ikatolewa tena, safari hii Rukwa, ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Kwa hiyo babu yako, hata kama hakuwahi kuhamisha kitanda chake, ameishi katika jimbo moja na mikoa mitatu.

Kwa maana hiyo binamu yako amepatia, ingawa sidhani kama aliwaza hayo. Kwa tarehe ile, neno ni jimbo. Ila hilo ni jimbo la Kiswahili cha wakati ule, na ndipo penye mtego, kwa sababu neno lenyewe nalo limehama.

Mikoa ilipoingia, "jimbo" halikufa, lilitafuta kazi nyingine. Leo Mtanzania akisikia "jimbo letu" anafikiria mbunge, yaani jimbo la uchaguzi. Kama ni Mkatoliki, anaweza pia kumfikiria askofu. Hebu angalia Njombe: Jimbo Katoliki la Njombe lipo tangu mwaka 1968, wakati Mkoa wa Njombe, uliotoka Iringa, ni wa mwaka 2012. Geita nayo ilipata jimbo la kanisa miaka ya 1980, mkoa ukasubiri hadi 2012. Mtu akikuandikia "alihamia Jimbo la Geita mwaka 1990", usikimbilie kumsahihisha. Huenda alikuwa padri.

Tukivuka mipaka, "jimbo" linabeba mzigo mwingine. Tunasema jimbo la Texas, jimbo la Kivu Kusini, jimbo la Telangana, lile lililotengwa na Andhra Pradesh huko India mwaka 2014. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mimi hutumia kipimo hiki: eneo lenye serikali yake na baraza lake la kutunga sheria au maamuzi naliita jimbo, na eneo ambalo mkuu wake ameteuliwa kutoka makao makuu ya nchi naliita mkoa. Kipimo hiki kina matundu, nakiri. Kinanisaidia mara nyingi, si mara zote.

Kenya ni habari ya pekee. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iligawa nchi kwa mfumo wa majimbo, ambao chama cha KADU kiliupigania na chama cha KANU kiliupinga, na ulifutwa Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964. Tangu hapo "majimbo" kwa Mkenya mwenye umri mkubwa si neno la ramani tu. Ni neno la siasa kali, na miaka ya 1990 lilizidi kuchacha. Maeneo manane makubwa yaliyokuwapo hadi Katiba ya 2010 yaliitwa mikoa: Mkoa wa Pwani, wa Kati, wa Bonde la Ufa na wenzake. Sasa kuna kaunti 47. Hapa waandishi wengi huteleza, wakidhani kaunti ni jina jipya la mkoa. Sivyo. Mipaka ya kaunti inafuata kwa karibu wilaya za mwaka 1992, si mikoa. Mkoa wa Pwani haukugeuka kuwa kaunti ya Pwani. Mahali pake pana kaunti sita, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Wapo wanaoandika "gatuzi" badala ya kaunti, kutokana na kitenzi kugatua. Ni neno zuri la kupumzisha sikio katika makala ndefu, lakini katika hati ningebaki na kaunti. Na kumbuka kwamba anachokiita Mtanzania jimbo la uchaguzi, Mkenya anakiita eneobunge.

(Ukidhani sisi tu ndio tunaohangaika, litazame neno "wilaya". Tumelipokea kutoka Kiarabu, pamoja na nduguye "liwali". Kwetu wilaya ni ndogo kuliko mkoa. Algeria wilaya ndiyo mkoa wenyewe. Na Marekani kwa Kiarabu huitwa Al-Wilayat al-Muttahida, "wilaya zilizoungana". Texas kuwa wilaya!)

Sasa turudi kwenye sentensi yako ya pili, "iliyokuwa Mkoa wa Rukwa". Ina makosa mawili, na la upatanisho ndilo jepesi. Kirejeshi hufuata nomino inayotajwa, kwa hiyo mkoa ni uliokuwa, jimbo ni lililokuwa, wilaya na kaunti ni iliyokuwa. "Iliyokuwa mkoa" naisikia hata redioni, na haizoeleki masikioni mwangu.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu linapotosha habari. "Uliokuwa Mkoa wa Rukwa" maana yake mkoa huo haupo tena. Rukwa upo, na makao yake makuu ni Sumbawanga. Kilichobadilika ni Mpanda kutokuwamo. "Uliokuwa" uwekewe kitu kilichofutwa au kilichoacha jina lake. Mkoa wa Ziwa Magharibi ni mfano unaofaa: mwaka 1979, baada ya vita vya Uganda, uliitwa Kagera, kwa hiyo "uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi" ni sawa kabisa. Lakini mtu wa Vwawa aliyezaliwa kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016 asiandike "uliokuwa Mkoa wa Mbeya". Mbeya haujaenda popote. Aandike "Vwawa, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Mbeya", au kwa ufupi zaidi, "Vwawa, Mkoa wa Mbeya (sasa Songwe)".

Hili linanipeleka kwenye vitenzi, ambavyo hukuniuliza lakini nimekuwa nikitafuta nafasi ya kuvisema. Magazeti yakitangaza mkoa mpya huandika "umegawanywa", "umemegwa", "umezaliwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumega tumekutoa kwenye sahani ya ugali: unachukua tonge, sinia inabaki. Basi Iringa ulimegwa, Njombe ukapatikana, na Iringa upo. Ndiyo maana watu husema "mkoa mama". Kugawanya ni kukata kitu kizima kikawa vipande, na kile kizima si lazima kibaki na jina lake: Jimbo la Kaskazini la zamani liligawanywa ikapatikana mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na hakuna aliyebaki akiitwa Kaskazini. Kubadilisha jina, kama Ziwa Magharibi, si kugawanya wala kumega. Na kuna jambo la nne ambalo halina kitenzi chake kimoja, pale mkoa unapookotezwa kutoka kwa mama kadhaa. Geita ndivyo ulivyopatikana: wilaya ya Geita ilitoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Anayeandika "Geita ulimegwa kutoka Mwanza" anawadhulumu watu wa Chato na Bukombe historia yao. Mimi hapo huandika "uliundwa kwa kuunganisha wilaya kutoka mikoa mitatu", ni maneno mengi lakini ni ya kweli.

Kwa wasifu wa babu, basi, ningeandika hivi: "Marehemu alizaliwa mwaka 1951 Mpanda, katika lililokuwa Jimbo la Magharibi, sasa Mkoa wa Katavi." Ukiona waombolezaji watachoka, "alizaliwa Mpanda, sasa Mkoa wa Katavi" inatosha. Neno linalofanya kazi yote ni "sasa". Matukio ya baadaye yape jina la wakati wake. Kama aliajiriwa 1980, aliajiriwa Mkoa wa Rukwa, na hakuna haja ya mabano wala maelezo.

Bado umeanzishwa na imeanzishwa. Majina ya mahali yana milango miwili. Ukiwa na mkoa akilini, hata kama hukulitamka neno lenyewe, tumia u-: Katavi ulianzishwa, Manyara ulitoka Arusha mwaka 2002. Ukizungumzia mahali kama mahali, tumia i-: Katavi ina joto, Manyara iko mbali. Wengi huchanganya hizi mbili katika aya moja na hakuna anayeumia. Kwa Katavi, hata hivyo, ningekuwa mwangalifu, kwa sababu kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo ni ya mwaka 1974, na hifadhi huchukua i-. "Katavi ilianzishwa mwaka 1974" ni sentensi ya kweli, na "Katavi ulianzishwa mwaka 2012" ni sentensi ya kweli, na tofauti yao yote imebebwa na herufi moja.