Kwa wanaoanza sheria: hukumu, rafu na pasipoti

Anayeingia mwaka wa kwanza wa sheria huambiwa ajiandae kusoma sana. Ni kweli, ila ushauri huo haumsaidii, kwa sababu hata wanaofeli wengi wao walisoma sana. Tatizo ni kwamba walisoma walichodhani kimeandikwa. Tabia hiyo humfuata mtu darasani, humfuata kwenye chumba alichopanga, na humnasa vizuri zaidi kwenye dirisha la viza. Tuanze na hukumu, maana ndizo zitakazokula muda wako.

Hukumu ya kurasa arobaini haisomwi kama hadithi. Mara ya kwanza tumia dakika kumi tu: nani anamdai nani, mahakama gani, mwaka gani, kisha ruka hadi mwisho uone nani kashinda na kapewa nini. Ukishajua safari inaishia wapi, rudi mwanzo na kalamu. Andika mambo matano: ukweli wa kesi, hatua iliyokuwa imefikia, hoja iliyobishaniwa, jibu la mahakama, na sababu ya jibu hilo. Yote yaenee ukurasa mmoja. Muhtasari wa kurasa nne ni kunakili tu, na usiku wa kuamkia mtihani hutausoma.

Kati ya hayo matano, linalorukwa zaidi ni hatua iliyokuwa imefikia. Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, ambayo utakutana nayo mapema. Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, mwanamke anakunywa bia ya tangawizi kutoka chupa isiyoonyesha ndani, na baadaye anadai kuwa masalia ya konokono yametoka kwenye chupa hiyo. Kinywaji kilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa. Akamdai mtengenezaji. Mwaka 1932 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza kwa madai, iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Sasa muulize aliyeikariri: je, konokono alikuwemo? Atakujibu ndiyo, tena bila kusita. Hakuna mahakama iliyowahi kusema hivyo. Kilichofika kwa majaji ni swali la sheria la awali: tukichukulia kwamba anayodai ni kweli, je, sheria inampa haki ya kudai? Baada ya jibu, madai yakamalizwa kwa makubaliano, na ushahidi wa konokono haukusikilizwa. Ukiandika kwenye mtihani kwamba "mahakama iliridhika kuwa kulikuwa na konokono", msahihishaji ataona papo hapo kwamba ulisoma muhtasari wa mtu aliyesoma muhtasari wa mtu.

Ili kuipata ratio, yaani ile sababu ya kisheria iliyobeba uamuzi, badilisha ukweli mmoja mmoja uone jibu linatikisika wapi. Weka mende badala ya konokono: hakuna kilichobadilika. Weka chupa angavu ambayo mnywaji angeweza kuikagua: hapo jibu linaanza kuyumba, kwa hiyo kutoonekana kwa kilichomo ndani ni sehemu ya ratio. Zoezi hili huchukua robo saa na lina faida kuliko kupaka rangi ya njano kitabu kizima. Yaliyobaki, ambayo jaji aliyasema njiani bila kuyahitaji kufikia uamuzi, yaandike pembeni kama obiter. Na wale majaji wawili waliopinga usiwaache. Mara nyingi swali la mtihani limetungwa kutoka kwao.

Jambo la lugha. Mitaani kila aliyepelekwa mahakamani ni "mshtakiwa". Darasani acha. Mshtakiwa ni wa jinai. Kwenye madai kuna mdai na mdaiwa. Kwenye rufaa kuna mrufani na mjibu rufaa. Hukumu inayosomwa kwa majina yaliyochanganywa haieleweki, na mtu huyohuyo aliyekuwa mdaiwa chini anaweza kuwa mrufani juu.

Kwa mwenye kuanza, kurasa kumi za hukumu kwa saa ni mwendo mzuri. Fanya hesabu mwenyewe: ukipewa hukumu tano za kurasa thelathini kwa wiki, hizo ni saa kumi na tano kwa somo moja. Ukiwa na masomo matano, haiwezekani, na asiyekubali kwamba haiwezekani ndiye anayelala saa tisa usiku. Soma kamili mbili ambazo mhadhiri amezitaja zaidi ya mara moja. Zilizobaki soma mwanzo, hoja na sababu.

Sheria zilizotungwa na bunge zina mtego wa aina nyingine. Kabla hujagusa kifungu ulichotumwa kukisoma, pitia kifungu cha tafsiri ya maneno. Pale neno likifuatiwa na "maana yake ni", orodha imefungwa. Likifuatiwa na "inajumuisha", orodha iko wazi na unaweza kubishana kuwa kitu chako kimo. Kisha tazama "na" na "au" mwishoni mwa aya ndogo: masharti matatu yaliyounganishwa kwa "na" lazima yatimie yote, na kwa "au" moja linatosha. Tofautisha "anaweza" na "atapaswa". Mwisho, hakikisha nakala yako imeingiza marekebisho. Jibu zuri lililojengwa juu ya kifungu kilichofutwa halina alama.

Kwenye mtihani wa saa tatu wenye maswali manne, toa dakika ishirini za kusoma karatasi na kupanga hoja. Kila swali linabaki na dakika arobaini. Dakika zikiisha, hamia swali linalofuata hata kama sentensi iko katikati. Alama kumi za kwanza za swali jipya ni rahisi kuliko alama mbili za mwisho za swali unalolipenda. Wengi hupoteza hapa, tena wenye akili ndio wanaoongoza.

Nyumbani nako kuna kesi zake. Wiki ya pili tu ya masomo, ndugu atakuja na karatasi: "Wewe si mwanasheria?" Bado hujawa. Huna leseni, na ushauri mbaya wa bure unaweza kumpotezea haki. Unachoweza kufanya ni kumsaidia kupanga: andika tarehe za matukio kwa mfuatano, kusanya nakala za kila hati, tenga zenye sahihi na zisizo na sahihi, kisha mpeleke kwa wakili. Harakisha, kwa sababu madai huwa na ukomo wa muda, na adui mkubwa wa mwenye haki ni kusema "tuvute subira kwanza".

Tukija kwenye chumba. Vitabu vya sheria ni vizito. Mita moja ya vitabu vinene inaweza kufika kilo arobaini, na rafu nyingi za dukani hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Dalili ni ubao kubinuka katikati kama tabasamu. Chanzo karibu kila mara ni urefu wa ubao kati ya nguzo na nguzo. Kwa mzigo uleule kwa kila sentimita, mpindo hukua kwa kipeo cha nne cha urefu. Ukitoka sentimita 60 kwenda 90, ubao haupindi mara moja na nusu, unapinda takribani mara tano. Unene nao husaidia kwa kipeo cha tatu: ubao wa milimita 25 hupinda kidogo zaidi ya theluthi moja ya ule wa milimita 18 wa aina hiyohiyo. Kwa hiyo ukiwa na ubao wa milimita 18, usizidishe sentimita 60 bila nguzo ya katikati. Chipbodi ndiyo mbaya zaidi, kwani huendelea kupinda polepole miezi na miezi hata mzigo usipoongezeka. Plaiwudi au mbao halisi hustahimili.

Kabla hujashika drili, toa mkataba wa pango usome kifungu cha matengenezo. Inachekesha, ila wanafunzi wa sheria ni wepesi kusaini mikataba ya pango bila kuifungua, halafu wanakatwa amana kwa matundu manne ukutani. Kama mkataba unakataza kutoboa, jenga rafu ya matofali na mbao. Mbao tatu za upana wa sentimita 25, matofali ya saruji pande mbili na katikati, nafasi ya sentimita 30 kwenda juu ili vitabu virefu vipite. Weka kipande cha zulia chini ya matofali ya chini, yasikwaruze sakafu wala yasiteleze. Vitabu vizito vikae chini. Ishia ngazi tatu. Ya nne bila kufungwa ukutani inaweza kukuangukia.

Kama unaruhusiwa kutoboa, kosa la kawaida ni kulinganisha kwa jicho. Tumia pimamaji. Weka alama ya tundu la kwanza, toboa, funga kishikizo kwa skrubu moja bila kukaza, ndipo uweke pimamaji juu yake upate alama ya pili. Ukitoboa yote kwa mpigo, la mwisho litakuwa limekosea kwa milimita tatu na skrubu itaingia kwa ubishi. Kijiplastiki cha milimita 8, kile kinachoingizwa ukutani ili skrubu ishike, kinataka tundu la milimita 8, lenye kina kinachozidi urefu wake kwa sentimita moja, kwa sababu vumbi hubaki chini na kukizuia kuzama. Puliza au fyonza vumbi kwanza. Kikizunguka pamoja na skrubu, tundu limepanuka: usilazimishe, sogea sentimita tano pembeni. Na usitoboe wima juu au chini ya swichi au soketi. Nyaya za umeme mara nyingi hupita hapo.

Meza iwe na kimo cha sentimita 72 hadi 75. Taa ikae upande wa kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisifunike maandishi.

Baada ya hapo ndipo safari. Wanafunzi wa sheria husafiri sana kwa mashindano ya kuigiza kesi: Jessup, yaliyoanza mwaka 1960 na fainali zake za kimataifa hufanyika Washington, au Vis, yanayofanyika Vienna, Austria. Timu hutumia miezi kwenye hoja na siku tatu kwenye viza, halafu inawakilishwa na watu wawili badala ya wanne.

Chukua Vienna kama mfano, maana kanuni za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ziko wazi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku kumi na tano kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika 45. Panga kwa 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Nchi nyingine nyingi zinataka miezi sita ya uhai wa pasipoti. Ukiwa na muda wa kukaa wa siku 90 ndani ya 180, kumbuka siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa.

Majina ndiyo yanayoangusha wengi. Barua ya mwaliko ina majina mawili, pasipoti ina matatu, tiketi ina kifupisho. Waombe waandaaji waandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, neno kwa neno. Kwa tiketi, tazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile inayosomwa na mashine. Mstari wa kwanza una nafasi 44, na 39 tu ndizo za jina. Jina refu hukatwa. Ritifaa pia haimo: Ng'wandu husomeka NGWANDU, na ndivyo tiketi itakavyokuwa. Asiyejua huanza kugombana na wakala bure.

Kadi ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku kumi baada ya chanjo, hivyo kuchanja wiki ya safari hakukusaidii. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Usikubali kuchanjwa tena kisa imepita miaka kumi. Pawabenki ibebe mkononi, si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, na ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Dawa zibaki kwenye maboksi yake pamoja na cheti cha daktari. Viza yenyewe haikuhakikishii kuingia: ofisa wa mpakani anaweza kuuliza mwaliko, malazi na tiketi ya kurudi, kwa hiyo hati hizo ziwe mkononi, kwenye karatasi, kwani simu huzima chaji palepale.

Siku ya mashindano, jaji akikukatiza na swali, anza na "ndiyo" au "hapana", ndipo ueleze. Andaa hoja ya dakika ishirini na ufupisho wake wa dakika nane, maana maswali yatakula zilizobaki.

Na kabla ya yote hayo, omba ruhusa ya kukosa vipindi kwa maandishi, ikitaja somo, tarehe za kuondoka na kurudi, na lini utafanya jaribio utakalolikosa. Ruhusa iliyotolewa kwa mdomo kwenye korido, wiki tatu baadaye hakuna anayeikumbuka isipokuwa wewe.