Re: Mlima Toubkal, nyumbu wanafika hadi kileleni?
Hapana mkuu, begi kubwa halitafika juu. Kule Moroko nyumbu (wale chotara wa punda na farasi) hubeba mizigo kutoka kijiji cha Imlil hadi nyumba ya kulala wapandaji, iliyo mita 3,207 juu ya usawa wa bahari, basi. Theluji ikiwa nyingi huishia chini zaidi, wapagazi wakamalizia. Kibegi cha mgongoni beba mwenyewe: maji, koti, tochi ya kichwani na pasipoti, maana polisi hukagua njiani na bila mwongoza watalii hupiti. Siku ya kilele mnatoka gizani, mnapanda changarawe inayoporomoka hadi mita 4,167. Hata kama ulishapanda Kilimanjaro usidharau. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Bakshishi ya mwenye nyumbu mpe mkononi, usipitishie kampuni.